Kibofu kipya hakina kengele

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha wagonjwa wa kibofu na familia zao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pale nilipopayuka nimepaacha hivyohivyo.)

Habari zenu jamani. Kabla sijaanza naomba mnisamehe kitu kimoja, simu yangu sijaizima na sitaizima, ikilia sio mtu anapiga, ni alamu ya kukojoa, na ikilia natoka hata kama nipo katikati ya sentensi. Wageni mtaona kama ni dharau. Wale tuliofanyiwa mnajua.

Waandaaji waliniambia niongee dakika kumi na tano hivi, niwape watu matumaini. Sasa mimi matumaini sijui kuyagawa, ninachokijua ni mkojo, kwa hiyo leo naongea mkojo tu, kina mama mnivumilie.

Kibofu changu kilitolewa miaka miwili na nusu iliyopita kwa sababu ya kansa. Nilikuwa mvuta sigara miaka mingi, sitaki kuiongea sana habari hiyo maana mke wangu yupo pale mbele na ameshaiongea ya kutosha. Nikapewa nichague, mkojo utokee tumboni uingie kwenye mfuko wa nje, au nitengenezewe kibofu kingine humohumo ndani kwa utumbo nikojoe kwa njia ileile ya zamani. Nikachagua cha ndani fasta, bila hata kuuliza swali la pili. Na niseme wazi mfuko sio kitu kibaya, humu ndani wapo wenzetu wenye mfuko ambao wanalala usiku mzima wakati mimi naamka mara mbili, na wengine hawakuwa na cha kuchagua kwa sababu kansa ilishagusa njia ya mkojo au figo zao zilishachoka. Ila mimi nilichagua nikidhani nachagua kurudi kama zamani. Kosa langu lilianzia hapo.

Mpira wa mkojo nilikaa nao kama wiki tatu. Wakanipiga picha, wanaingiza dawa kwanza kwenye kibofu kuangalia kama mshono umeshika, wakaona umeshika, mpira ukatolewa. Siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali ya kaki. Mtu mwenye akili zake havai suruali ya kaki siku hiyo. Nikashuka kitandani, nikasimama, na mkojo ukashuka na mimi. Sikubanwa, sikusikia dalili yoyote, nilichosikia ni soksi imepata joto. Nikamwambia sista, hii operesheni imeharibika. Akacheka, sio kwa kunidharau, akaniambia baba haijaharibika, leo ndo siku yake ya kwanza kazini.

Naomba nieleze kilichofanyika mle ndani, maana nimegundua wengi wetu tumekatwa na kushonwa bila kujua kilichokatwa ni nini na kilichoshonwa ni nini. Wanachukua kipande cha utumbo mdogo, ule wa kuelekea mwishoni, kama sentimita 50 au 60 hivi, inategemea na aina anayofanya daktari wako. Ile sehemu ya mwisho kabisa inayokutana na utumbo mpana wanaibakiza, ntasema baadaye kwa nini. Utumbo uliobaki wanauunga tena chakula kiendelee kupita. Kile kipande sasa hawakiachi kikiwa bomba, wanakipasua kwa urefu kinafunguka kama kitambaa, wanakikunja, wanakishona mpaka kinakuwa kitu cha duara. Mirija inayotoka kwenye figo inaunganishwa juu, njia yako ya mkojo inaunganishwa chini.

Kwa nini wakipasue? Mimi hili lilinifungua macho kuliko ushauri wote niliopewa. Utumbo kazi yake maisha yote ni kusukuma, kitu kikiingia unajikamua kisogee mbele, hauulizwi wala haukatazwi. Zamani kule Ufaransa daktari Camey na wenzake walikuwa wanautumia ukiwa bomba zima, na watu walikuwa wanakojoa kweli kwa njia ya kawaida, ila utumbo ukijikamua mkojo nao unatoka, hasa usiku. Miaka ya 1980 wakaja kina Hautmann wa Ujerumani na Studer wa Uswisi, wao wanaupasua kwanza ndo wanaushona, kwa sababu ukiupasua ile misuli ya kuuzunguka inakatika, huku unavuta huku unalegea, nguvu zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Kusukuma kunapungua sana. Kunapungua tu lakini, hakuishi, na mwanzoni ukisikia tumbo linanguruma mara umelowa basi ndo huo utumbo unakumbuka kazi yake ya zamani.

Sasa tulichopoteza. Kibofu ulichozaliwa nacho kilikuwa kinafanya mambo mawili kimyakimya ambayo hatukuwahi kukishukuru. La kwanza kinapeleka taarifa kichwani, nimejaa, tafuta choo. La pili, hili hata mimi sikulijua, kila kinavyozidi kujaa kinaiambia koki ya chini ijikaze zaidi, wewe hujui, hata ukiwa usingizini inajikaza. Utumbo haujui lolote kati ya hayo mawili. Umejaa, umekaa kimya. Koki yenyewe hawakuitoa, ni msuli wako uliozaliwa nao, upo chini kidogo ya pale walipounganisha, ila sisi wanaume kibofu kinatolewa pamoja na tezi dume na huko juu kulikuwa na kizuizi kingine, nacho kimeenda. Kwa hiyo umebaki na koki moja ambayo haipewi taarifa na mtu.

Taarifa itatoka wapi? Kwenye saa. Nawaomba mlishike hili hata mkisahau mengine yote, usisubiri kubanwa kwa sababu kubanwa hakuji. Baada ya miezi kadhaa unaanza kusikia kitu, mimi nasikia kama uzito chini ya kitovu, kama mtu aliyekula akashiba kupita kiasi, jamaa yangu mmoja yeye anasikia kichefuchefu kidogo, kila mtu na yake. Lakini miezi ya mwanzo ni saa tu. Mimi niliambiwa kila masaa mawili mchana na kila masaa matatu usiku kwa alamu, iwe umelowa au umekauka, una hamu au huna.

Na sasa nije kwenye upuuzi nilioufanya mwenyewe. Kibofu hiki kikiwa kipya kabisa kinabeba kama mililita 100 au 150, kikombe cha chai hakijai. Mimi kila nikisikia tone nakimbia chooni. Dakika arobaini, chooni. Nusu saa, chooni. Nilijiona mwanafunzi bora kabisa. Mwezi ukapita kibofu hakikui, na kuvuja kuko palepale. Nikaenda kliniki na daftari langu, sista akalipitia akaniuliza, baba wewe unakifundisha kibofu hiki kubeba kiasi gani? Nikasema sijui. Akasema unakifundisha kubeba mililita 90, na kimeelewa vizuri sana.

Akanielezea kwa puto. Umeshawahi kupuliza puto jipya? Mwanzo linagoma, mashavu yanauma, presha kubwa kwa hewa kidogo. Likishatanuka kidogo linaanza kupokea hewa kilaini. Kibofu cha utumbo ni hivyohivyo, kikiwa kidogo mkojo kidogo tu unaleta presha kubwa, presha inaishinda koki, unavuja. Kikikua, mkojo uleule unakaa kwa presha ndogo, koki inaweza. Maana yake mtu anayekimbilia chooni kila tone likitoka ndo anayejifungia kwenye kuvuja. Dawa yake inaonekana kama wazimu, unashikilia. Saa ikisema masaa mawili ni mawili, hata kama ikifika saa moja na nusu inachuruzika kwenye pedi, kaa, kaza koki yako, subiri muda utimie. Pedi ipo kwa kazi hiyo. Ukiona masaa mawili unayaweza unaenda mawili na nusu, kisha matatu, mpaka manne. Usiruke. Mimi kutoka mawili mpaka manne nilitumia kama miezi minne, na kuna wiki nilirudi nyuma nikalia, mke wangu shahidi.

Mnunue jagi la kupimia, lile lenye mistari, liandikwe jina kubwa lisije likaingia jikoni. (Hapo watu walicheka, ila kuna mama mmoja hakucheka kabisa, nahisi kwake limeshaingia.) Unakojoa humo, unaandika saa na kiasi. Shabaha ni mililita 400 mpaka 500. Ukifika hapo acha kutanua. Acha. Kuna wenzetu wakishaonja raha ya kukaa masaa sita bila kuvuja wanaanza kushindana na wenyewe, mara saba, mara nane, usiku kucha hawaamki, kibofu kinalegea kama gunia, hakikamuki, mkojo unabaki ndani, unaoza, unapata maambukizi, unapata mawe, na kikijaa kupita kiasi kinaweza hata kupasuka, hiyo ni dharura ya kufa mtu. Puto nalo ukilizidisha unajua kinachotokea.

Kukojoa kwenyewe ni somo. Utumbo haukojoi. Zamani ulikuwa unasimama unafungulia basi, kibofu kinajikamua chenyewe. Sasa hivi unachofungulia ni koki tu, kusukuma ni kwako. Unakaa, na nyie wanaume mkae, nasema mkae, mambo ya kusimama tumeshaachana nayo angalau huu mwaka wa kwanza, unalegeza huko chini kabisa kama mtu anayetaka kutoa hewa, unainama mbele, unabana tumbo kwa upole, unaweza kuweka na mkono chini ya kitovu ukasaidia. Ukimaliza usinyanyuke. Subiri dakika moja, rudia tena. Hiyo ya pili mimi ilikuwa inatoa mpaka mililita 60, huo ndo mkojo uliokuwa unanilowesha nikifika mlangoni. Wengi wanaobana tumbo kwa nguvu zote wanakuwa wamekaza na huko chini pia bila kujijua, yaani unasukuma mlango huku umeufunga kwa ndani. Legeza kwanza ndo ubane.

Halafu ute. Kuna mtu alinipigia simu usiku ametoa kitu kama kamasi anadhani ni utumbo unatoka. Ni ute. Utumbo unatengeneza ute, ndo tabia yake, hautaacha kwa sababu umehamishiwa idara nyingine. Mwanzoni ni mwingi, unaweza kuziba mpira, ndo maana walikuwa wanatusafisha kwa maji ya chumvi na bomba la sindano. Kunywa maji, lita mbili mpaka tatu kwa siku kama daktari hajakukataza, unapungua na kuwa mwepesi. Na hapa nawajua, mtu akivuja anapunguza maji. Nilifanya. Mkojo unakuwa mzito, ute unakuwa kama gundi, na kuvuja hakuko...

(Alamu ikalia. Nikatoka kweli. Nimeambiwa huku nyuma kuna mzee alisema kwa sauti, huyu anaigiza.)

Nimerudi. Kama 380 kwa kukadiria, siku hizi sipimi ila jicho limezoea. Nilikuwa nasema maji. Kunyweni.

Haya, mazoezi. Mnayajua kwa jina la Kegel, daktari wa Marekani aliyeandika habari zake mwaka 1948 akiwalenga kina mama waliozaa misuli ikalegea. Sisi wanaume tumeyaazima. Shida sio kuyajua, shida ni kwamba watu wengi wanakaza kitu kingine. Nilikaza makalio wiki tatu, nikapata makalio. Mtu wa fiziotherapia akaniambia hivi, jifanye umekaa na wakwe na hewa inataka kutoka, unaizuia vipi bila mtu kuona? Bila kunyanyua bega, bila kubana pumzi, bila paja kutingishika. Ndo huo msuli. Mwanaume ukiukaza vizuri utaona uume unajivuta ndani kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye maji ya baridi. Mwanamke atasikia kama anavuta kitu kupandisha juu kwa ndani. Unakaza, unahesabu mpaka kumi ukiweza, na kama huwezi anza na tatu, unalegeza muda uleule uliokaza, mara kumi, mara tatu kwa siku. Alafu na zile za haraka, kaza achia kaza achia, kwa sababu kikohozi hakikupi nafasi ya kuhesabu.

Kulegeza ni nusu ya zoezi. Kuna mmoja alikuwa anafanya mara mia tatu kwa siku, asubuhi kakauka, jioni anavuja kuliko sisi wote. Msuli umechoka bana, ni msuli kama mwingine.

Faida yake kubwa utaiona kwenye mambo madogo, kaza KABLA. Unataka kunyanyuka kitini, kaza, nyanyuka. Unataka kukohoa, kupiga chafya, kuinua ndoo, kaza kwanza. Mwezi wa pili wa kufanya hivyo pedi zangu zilishuka kutoka sita kwa siku mpaka tatu, na sikuwa nimepata nguvu zozote mpya, ni vile tu nilijifunza kuwahi. Mkianza kabla ya operesheni ni bora zaidi maana unaujua msuli ukiwa bado hauna maumivu wala plasta. Mpira ukiwa ndani msifanye, subirini utoke na daktari aruhusu. Na ule mchezo wa kukata mkojo katikati kila siku kama zoezi uacheni, unafundisha kubakiza.

Sasa usiku. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hili hata kama hamtauliza. Mchana unakauka kwanza, kwa wengi ndani ya miezi sita mpaka mwaka, madaktari wanasema kati ya watu kumi wanane au tisa mchana wanafika. Usiku unachelewa, unaweza kwenda mwaka, miaka miwili, na wapo ambao usiku hawakauki kabisa maisha yao yote, na sio kwamba walikuwa wavivu. Ukilala unalegea mwili mzima na koki nayo inalegea, na kama nilivyosema hakuna wa kuiamsha. Kuna na jambo lingine la ajabu kidogo, ukuta wa utumbo unapitisha maji, mkojo ukiwa mzito ndani unavuta maji kutoka mwilini, kwa hiyo unalala na mkojo nusu unaamka na mkojo kamili. Unakunywa maji yako mchana vizuri, masaa mawili matatu kabla ya kulala unapunguza, unakojoa mara mbili kabla ya kupanda kitandani, alamu mbili usiku. Alamu mbili sio moja, na simu iwe mbali na mkono. Ile ya kuzima huku umelala niliifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema mbele ya watoto wangu. Pombe na vidonge vya usingizi vinakuzamisha, utalala kama gogo na utalowa kama gogo la mtoni. Godoro livisheni ile kava isiyopitisha maji siku ya kwanza kabisa, msisubiri mpaka liharibike. Wanaume kuna ile kondomu yenye mrija inayounganishwa na mfuko, ukiwa safarini au umechoka kweli inakupa usingizi wa usiku mmoja, hakuna aibu.

Mimi miezi mitatu nilihama chumba. Nilimwambia mke wangu ni kwa sababu ya alamu isimsumbue. Sio kweli, ilikuwa harufu, niliogopa harufu, na harufu yenyewe nilikuwa naisikia peke yangu. Akanirudisha yeye. Alikuja akachukua mto akasema huu mto unarudi kwenye chumba chake, ukitaka ufuate. Hatukuliongea zaidi ya hapo. Kuna siku yeye ndo anasikia alamu ananipiga kiwiko, na kuna siku tunabadilisha shuka saa tisa usiku kila mtu kashika pembe mbili hakuna anayeongea, tunarudi kulala.

Kina mama, kwenu kuna kitu kinyume. Wengine badala ya kuvuja wanashindwa kutoa. Kibofu kimejaa, koki imefunguliwa, mkojo haushuki, au unatoka nusu. Wanaume pia inatokea ila kwenu ni zaidi. Hapo utafundishwa kujiingiza kampira kembamba mwenyewe mara kadhaa kwa siku, unatoa mkojo, unakatoa. Mama mmoja tuliyekuwa naye kliniki aliniambia alipoambiwa hivyo aliona bora afe, sasa hivi anafanya kwa dakika nne huku anafikiria mambo mengine. Na kuvuja kunaweza kuwa ni kujaa, hili mlishike, mtu anavuja matone siku nzima anadhani koki imelegea kumbe kibofu kimefurika kinamwagikia pembeni. Ndo maana ultrasaundi baada ya kukojoa ni muhimu, ione kimebaki kiasi gani, kabla hujaanza kulaumu misuli.

Nipite haraka kwenye damu. Utumbo haujaacha kunyonya. Mkojo unakaa mle, utumbo unanyonya asidi unairudisha kwenye damu, na chumvi unaipoteza. Mwenzangu mmoja mwezi wa pili alichoka, chakula hakipandi, kichefuchefu, kilo zinaondoka, familia nzima ilishaamini kansa imerudi na walishaanza kuitana. Ilikuwa asidi. Akapewa vidonge vya sodiamu baikaboneti, wiki haikuisha anaomba chakula. Kwa hiyo mkichoka namna hiyo pimeni damu, msikae nyumbani mkinong'ona. Chumvi wengine tunaambiwa tuongeze, ila mwenye presha aulize kwanza. Na ile sehemu ya mwisho ya utumbo niliyosema wanaibakiza, ndiko vitamini B12 inakonyonywa, hata ikibakizwa inaweza kupungua taratibu kwa miaka, kwa hiyo ipimwe kila mwaka.

Alafu vipimo vya mkojo. Mkojo wetu ukipimwa, mara nyingi unaonekana una bakteria, unakaa kwenye utumbo unategemea nini? Kama huna homa, huna maumivu, hukuanza kuvuja ghafla, usimezeshwe antibayotiki kwa ajili ya karatasi. Mwambie anayekupima una kibofu cha utumbo, wengine hawajawahi kukutana nacho. Ila homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, damu, au mkojo kugoma kabisa kutoka, hapo usiandike kwenye daftari, nenda.

Na mwaka ukipita mchana bado unavuja sana, asikuambie mtu uvumilie. Waangalie kama umebakiza mkojo, kama njia imebana, kama kibofu kimebaki kidogo. Kama ni koki yenyewe imeshindwa kuna ukanda wanaoweka kuinyanyua, kuna koki ya bandia, hiyo unaibonyeza kidude kipo kwenye mfuko wa korodani unakojoa halafu inajifunga yenyewe. Sio kwa kila mtu ila ipo, ulizeni.

Nadhani nimeshavuka muda. Nani ana swali? Mzee pale nyuma, wewe uliyesema naigiza.

(Akauliza, kijana, zungusha zungusha zote hizo, wewe mwenyewe usiku umekauka au hujakauka?)

Juzi nililowa. Jana nilikauka, alamu zote mbili niliamka. Leo bado sijalala.